Ratiba Isiyoijua Masika

Bodi yetu ilipokaa kupitisha mpango wa kusimika mfumo wa kompyuta hospitalini, kikao kilichukua muda wa saa moja hivi, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwenye bei. Tulibishana juu ya leseni, juu ya idadi ya kompyuta, juu ya nauli na posho za wataalamu watakaotoka Dar es Salaam. Ratiba yenyewe, ukurasa mmoja wenye safu sita za miezi na mishale ya rangi, ilipita kama salamu. Nami nilikuwamo. Nilinyoosha mkono pamoja na wenzangu, nikaenda zangu kunywa chai.

Hospitali hiyo iko katika mojawapo ya wilaya mbili ninazozifahamu kuliko nyingine zote nchini, Ngara na Biharamulo. Jina lake naliacha, kwa kuwa hoja yangu haihusu taasisi moja, na kwa kuwa makosa nitakayoyaeleza yalikuwa yetu sote. Mfumo ulipaswa kuunganisha dirisha la usajili, maabara, stoo ya dawa, mhasibu na madai ya bima. Ulipangwa kukamilika kwa miezi sita, uwashwe tarehe 1 Julai. Ulikamilika baada ya mwaka mmoja na miezi saba.

Nimekuwa nikisikia maelezo mengi ya ucheleweshaji wa namna hii, hapa nchini na kwingineko. Wengine husema watumishi wetu hawapendi mabadiliko. Wengine husema programu ilikuwa mbovu, au mzabuni hakuwa na uwezo. Siwezi kusema hayo hayatokei. Lakini katika kisa hiki programu ilikuwa nzuri, mzabuni alikuwa mwaminifu, na wauguzi walikuwa na hamu ya kuondokana na mlima wa makaratasi. Kilichotuangusha ni ule ukurasa mmoja, na zaidi ya yote ni mambo ambayo ukurasa ule haukuyataja.

Nianze na Julai. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai, na taasisi nyingi zinazopokea fedha za umma hufuata kalenda hiyo. Kwa hiyo kila mpangaji wa mifumo huiona siku hiyo kama mlango safi: hesabu za zamani zibaki upande wa kulia, mpya zianze upande wa kushoto. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa mhasibu, Juni ni mwezi wa kufunga vitabu, kusuluhisha hesabu za benki, kuhesabu mali stoo, kukimbizana na hati za malipo kabla dirisha halijafungwa. Sisi tulimtaka mtu huyohuyo, ndani ya mwezi huohuo, ajifunze mfumo mpya, ahamishe salio zote, na ahakiki kwamba kilichoingia ni sahihi. Alikuwa mmoja, na msaidizi wake alikuwa likizo ya uzazi, likizo iliyojulikana tangu Januari na ambayo hakuna aliyeuliza habari zake.

Kosa hili si la watu wa vijijini peke yao. Kampuni ya chokoleti ya Hershey ya Marekani iliwahi kulifanya kwa gharama kubwa mno. Ilipoamua kubadili mifumo yake yote ya uendeshaji, ilishauriwa ichukue miezi 48. Ikataka imalize kwa miezi 30, ili iwahi mwaka 2000. Mfumo ukakamilika kwa kuchelewa kidogo, ukawashwa Julai 1999, wakati maagizo ya sikukuu ya Halloween yalipokuwa yanaanza kumiminika. Maagizo yenye thamani ya takriban dola milioni 100 hayakuweza kutimizwa kwa wakati, ilhali chokoleti imejaa maghalani. Kampuni ile ilikuwa na fedha, wataalamu na umeme usiokatika. Ilichokosa ni mtu wa kusema kwamba Julai ni mwezi mbaya, na wa kusikilizwa akisema hivyo.

Sasa masika. Ratiba yetu iliweka mafunzo kwa watumishi mwezi Aprili. Yeyote aliyekaa Ngara anajua Aprili maana yake nini katika barabara za ndani, zile zinazopanda na kushuka vilima kuelekea kata za mipakani. Zahanati mbili zilizo chini ya hospitali zilipaswa kuleta watumishi wao kwenye mafunzo. Wa zahanati moja walifika siku ya tatu, miguu imejaa tope, mafunzo yenyewe yakiwa ya siku tano. Wa ile nyingine hawakufika kabisa. Mkufunzi, kijana hodari wa Dar es Salaam, alikuwa amesafiri zaidi ya kilomita elfu moja kuja kwetu, akalala njiani, na alikuwa na tiketi ya kurudi Jumamosi. Isitoshe, wauguzi hufanya kazi kwa zamu tatu. Aliyekesha wodini usiku hawezi kukaa darasani asubuhi akaelewa tofauti ya kuhifadhi na kutuma. Tulipohesabu baadaye, waliopata mafunzo kamili walikuwa chini ya nusu. Kwenye taarifa ya mradi kazi hiyo ilikuwa imeandikwa: imekamilika.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu endeshi ya OS/360 katika kampuni ya IBM miaka ya 1960, na ambaye mwaka 1975 alichapisha kitabu chake The Mythical Man-Month. Hoja yake mashuhuri ni kwamba mradi wa programu uliochelewa ukiuongezea watu, unachelewa zaidi, kwa kuwa wapya wanahitaji kufundishwa na wale wale waliokuwa wanafanya kazi. Sisi hatukuwa tumemsoma, au tuliomsoma tulikuwa tumemsahau. Mwezi Juni, mambo yalipokwama, tuliajiri vijana wanne wa muda waje kuingiza kumbukumbu za wagonjwa. Walikuwa na vidole vyepesi. Hawakujua chochote kuhusu majina ya Ngara.

Jambo la majina linastahili aya yake, maana ndilo lililotuchelewesha kuliko yote. Mfumo ule ulitengenezwa kwa kudhani kwamba kila mtu ana jina lake, jina la baba na jina la ukoo, na kwamba watu wa nyumba moja watafanana jina la mwisho. Kwa Wahangaza, kama ilivyo kwa majirani wetu wa ng'ambo, mtoto hupewa jina lake mwenyewe, lenye habari yake mwenyewe. Ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyokutana popote. Jina hilohilo karani mmoja huliandika kwa b, mwingine kwa bh, mwingine huacha n ya mwanzo. Vijana wetu wa muda walipomaliza kuingiza daftari za miaka mitatu, mfumo ulikuwa na wagonjwa wengi kuliko walivyopata kuwapo. Mama mmoja alikuwa na majalada manne: moja la kliniki ya wajawazito, moja la kisukari, mawili sijui ya nini. Daktari alikuwa akifungua lile lisilo na kisukari.

Stoo ya dawa nayo ilikuwa na hadithi yake. Paracetamol ilikuwamo kwa jina hilo, kwa jina la Panadol, na kwa herufi tatu PCM. Mfumo ukaziona dawa tatu, mbili zimekwisha na moja imejaa. Mtunza stoo, mzee aliyeifahamu kila rafu gizani, alituambia tangu mwezi Machi kwamba orodha inahitaji kusafishwa kabla haijaingizwa. Alisema maneno haya mbele yangu: "Mwalimu, hii kazi ni ya wiki sita, na mimi nitaifanya, lakini mnipe mtu wa kukaa dirishani." Ratiba iliipa kazi hiyo siku tatu. Hakupewa mtu. Nilimwambia tutaona.

Tarehe 1 Julai ilifika. Mwenyekiti wa bodi alikwisha kuualika uongozi wa wilaya. Hakuna aliyetaka kuonekana kuwa ndiye aliyekwamisha, kwa hiyo mfumo ukawashwa, daftari zikafungwa kabatini, tukapiga picha. Siku ya tatu radi ilipiga. Kifaa cha mtandao kikaungua, na cha akiba hakikuwapo kwa sababu kilikatwa kwenye bajeti, katika kikao kilekile cha kubishania bei. Mimi nilikuwapo siku hiyo. Nilimwona mwanamke amembeba mtoto mwenye homa kali, amekwisha kumwona daktari, dawa ziko dirishani kwa mtunza stoo, na mhasibu hawezi kutoa risiti kwa kuwa mashine haiwaki. Bila risiti dawa haitoki; ndivyo utaratibu mpya ulivyoagiza, na utaratibu wa zamani ulikuwa umefutwa kwa barua. Alikaa pale kwenye benchi kwa muda unaokaribia saa mbili, mpaka muuguzi mmoja alipoamua kuvunja kanuni. Mtoto alipona. Muuguzi aliandikiwa barua ya kujieleza, na mimi, mjumbe wa bodi, nilipata kazi ya ziada ya kuifuta barua hiyo.

Daftari za MTUHA zikarudishwa mezani wiki ileile, na kwa miezi kumi na tatu watumishi wakafanya kazi mara mbili, kwenye karatasi na kwenye kioo.

Najua nitakachoambiwa. Nitaambiwa kwamba bila tarehe ngumu hakuna kinachofanyika katika nchi hii. Nakubaliana na sehemu ya hoja hiyo. Nimefundisha chuo kikuu muda wa kutosha kujua kwamba kazi isiyo na siku ya mwisho haiandikwi. Lakini tarehe haiwezi kufanya kazi ambayo haikupangiwa watu. Tukumbuke usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Ulianza tarehe 1 Mei 2019, mwisho wake ukiwa tarehe 31 Desemba. Mwananchi hawezi kusajili laini bila namba ya kitambulisho cha taifa, kwa hiyo kasi ya usajili wa laini haikuwa mikononi mwa kampuni za simu wala ya wananchi. Ilikuwa mikononi mwa foleni nyingine, iliyokuwa na mwendo wake. Mwishoni mwa Desemba Rais Magufuli, akiwa Chato, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Biharamulo, aliongeza siku ishirini.

Katika wilaya za mpakani foleni ile ilikuwa na foleni nyingine ndani yake. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na historia yake haikuiacha salama. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, Warundi walikimbilia huku. Na mwishoni mwa Aprili 1994 takriban watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaweka kambi Benaco. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu, na watu wa Kagera hawajaisahau. Kutokana na hayo yote, uhakiki wa uraia kwetu una maswali zaidi na huchukua muda zaidi kuliko Morogoro au Iringa. Iwapo ni haki au si haki, nitaandika siku nyingine. Ninachosema leo ni kwamba mfumo wowote unaomtaka mtu awe na namba ya kitambulisho kabla ya kupata huduma au kazi, utakwenda Ngara kwa mwendo wa uhakiki, hata programu yake iwe nyepesi kama unyoya. Mpangaji asiyelijua hilo ataandika miezi mitatu kwa nchi nzima, kisha atashangaa kwa nini wilaya fulani zinaburuta mkia, na katika taarifa yake ataandika kwamba kuna changamoto ya uelewa.

Aliye na shaka kwamba tunaweza kupanga, namkumbusha Sensa ya mwaka 2022. Ile ilikuwa kazi ya kusimika mfumo wa kompyuta kwa ukubwa ambao hospitali yetu haitauota: vishikwambi zaidi ya laki mbili, makarani wa kila kijiji, taarifa za kila kaya zinaingizwa papo hapo. Usiku wa kuhesabiwa ulikuwa wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na haukusogezwa. Tarehe 31 Oktoba mwaka uleule tukatangaziwa kwamba tuko 61,741,120. Watu husifu vishikwambi. Mimi nasifu yaliyotangulia. Sensa ya majaribio ilifanyika karibu mwaka mzima kabla, Septemba 2021. Maeneo ya kuhesabia yalitengwa kwenye ramani mapema. Anwani za makazi zilibandikwa kwanza. Makarani walichukuliwa katika maeneo wanayoishi, mtu anayejua kwamba nyumba ile ya nyuma ya mgomba ina kaya mbili na si moja. Na mwezi wenyewe ulikuwa Agosti, kama ilivyokuwa mwaka 2002 na 2012, wakati ambapo sehemu kubwa ya nchi ni kavu na barabara zinapitika. Kuna mtu, mahali fulani, aliyeiweka mvua kwenye ratiba.

Sensa ilipata fursa hiyo kwa kuwa kila mtu aliiona kuwa jambo kubwa. Mifumo midogo, ya hospitali, ya halmashauri, ya chama cha ushirika, huonekana kama ununuzi: umelipa, umeletewa, washa. Hata mifumo mikubwa ya Serikali haijaepuka kabisa fikra hiyo, ingawa kuna maendeleo. Mfumo mpya wa ununuzi wa umma, NeST, ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2023, tarehe ileile tena. Lakini ule wa zamani, TANePS, haukuzimwa siku hiyo, uliachwa mpaka tarehe 1 Oktoba. Miezi mitatu ya mifumo miwili kwenda sambamba ni michache kwa mkuu wa shule wa kata ya mbali, lakini ni miezi mitatu kuliko tuliyojipa sisi. Sisi tulijipa siku sifuri.

Ningeulizwa leo, na kwa bahati mbaya ninaulizwa, kwa kuwa taasisi nyingine ya huko nyumbani imeniomba niketi kwenye kamati ya namna hiyohiyo, ningeanza kwa kuikataa tarehe mpaka orodha ya kazi zisizo za kompyuta iwe mezani. Nani atasafisha majina, kwa wiki ngapi, na nani atakaa kwenye kiti chake. Nani yuko likizo lini. Barabara ipi haipitiki mwezi gani. Kitambulisho, leseni au kibali gani kinachotoka ofisi nyingine, na ofisi hiyo huchukua muda gani kweli, si muda ulioandikwa ukutani. Kisha ningeomba majaribio yaanzie kwenye zahanati iliyo mbali kuliko zote, na si hospitalini penye jenereta na mtaalamu wa kompyuta. Desturi yetu ni kujaribu mahali ambapo kitu hakiwezi kushindwa, halafu tunashangaa kinapopelekwa mahali pengine. Ukijaribu kwenye ukingo wa mto Ruvubu, ambako simu yako hunasa mtandao wa nchi jirani na kukukaribisha Burundi, utajua mapema mengi ya kujua.

Na ningeomba jambo moja ambalo wajumbe wenzangu hawatalipenda. Kuwe na mtu mmoja, kwa jina na kwa maandishi, mwenye mamlaka ya kusema "bado" wiki mbili kabla ya kuwasha, bila kuandikiwa barua. Asiwe mzabuni, maana mzabuni hulipwa kwa kumaliza. Asiwe mwenyekiti wa bodi, maana mwenyekiti amekwisha kualika wageni. Kwetu mtu huyo alikuwapo tangu mwanzo, na alikuwa yule mtunza stoo. Alisema "bado" mara tatu, kwa adabu, kwa mdomo, na maneno yake hayakuingia kwenye muhtasari wowote. Nimeupekua muhtasari wa kikao cha Mei, ninao hapa: una aya nzima juu ya chakula cha wageni wa uzinduzi.

Mzee yule amestaafu sasa, yuko Rulenge analima maharage na migomba. Nilipita kwake likizo iliyopita. Nilimweleza habari za kamati hii mpya, nikamwomba ushauri. Aliniuliza wanataka kuwasha lini. Nilipomwambia ni tarehe 1 Julai alicheka mpaka akakohoa, akamwita mjukuu alete kiti, akaniambia, "Kaa basi, Mwalimu, tuanze kuhesabu kurudi nyuma."

Tulihesabu mpaka jioni, kwa kijiti, kwenye vumbi la uani. Tukianza na orodha ya dawa na kuiruka masika, tarehe iliyopatikana ni katikati ya Septemba ya mwaka unaofuata. Nimeipeleka kwenye kamati. Kikao ni Alhamisi.